Kuni za milingoti zinatoa povu, za miwati zinawaka: kosa ni la mti au la hali ya hewa?

#1 Mama Tanuri (Mafinga), 6 Juni

Wadau, habari za leo. Nina tanuri la mikate la matofali linalotumia kuni, na kila mwaka mwezi huu ndipo ninapoanza kununua kuni za msimu mzima, kwa kuwa mvua zimekwisha na barabara za mashambani zinapitika. Mwaka jana nilinunua mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mikaratusi, ambayo huku tunaiita milingoti, na muuzaji alisema ilikatwa mwezi wa tano. Wa pili ulikuwa wa miwati, aina ya akasia, kutoka upande wa Njombe, nao niliambiwa ulikatwa mwezi wa saba. Yote miwili niliipanga upande mmoja wa ua, ikapigwa na upepo uleule na jua lilelile. Ilipofika mwezi wa kumi, kuni za miwati, ambazo ndizo zilizokatwa baadaye, ziliwaka kwa mwali safi na moshi haba, lakini za milingoti zilikuwa zikitoa povu kwenye ncha na kulia kama kikaango, na mikate ya alfajiri ikatoka imepauka juu na mibichi ndani.

Baba watoto anasema mwaka jana baridi ilichelewa kuondoka, kwa hiyo kosa ni la hali ya hewa. Muuzaji anasema mlingoti ndivyo ulivyo. Mimi nauliza: ikiwa hewa ilikuwa moja, mbona matokeo yawe mawili? Tena kuna jambo la pili linalonichanganya. Mwezi wa kwanza, mvua zilipokolea, hata zile za miwati zilianza kugoma ilhali zilikuwa chini ya bati. Naomba wenye uzoefu wanieleze kabla sijatoa fedha za mwaka huu.

#2 Shoka Butu (Njombe)

Mama, muuzaji wako hajakudanganya katika hilo. Mlingoti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na sehemu ya moyo wa mti hushikilia maji hayo kwa ukaidi kwa sababu vimirija vyake vimezibika. Mwati ni mti mzito ulioshikamana, na kwa sababu hiyohiyo ya kushikamana hauna nafasi kubwa ya kuweka maji, kwa hiyo unaanza safari ya kukauka ukiwa mbele ya mwenzake. Nimechanja kuni za aina zote mbili tangu nikiwa mtoto na sijawahi kuona mlingoti ukiutangulia mwati.

#3 Mwalimu Mizani (Dodoma)

Kabla ya kuhukumu mti, ningependa kujua mambo mawili. Je, kuni hizo zilichanjwa au zilipangwa zikiwa magogo ya duara? Na je, zilikuwa na gome? Maji ndani ya mti husafiri kwa urefu wa nyuzi mara kumi au zaidi ya yanavyosafiri kwa upana, kwa maana miti iliumbwa kupandisha maji kutoka mizizini kwenda juu. Kwa hiyo gogo refu lenye gome ni mfano wa chupa iliyoachwa wazi mdomoni tu. Ukilipasua, unaifungua chupa ubavuni.

#4 Mama Tanuri

Asante, mwalimu. Milingoti yalikuwa magogo ya duara, mengine ya unene wa paja, na yote yalikuwa na gome. Miwati ilikuwa myembamba, unene wa mkono hivi, na haikuwa na gome hata kidogo. Ilikuwa imemenywa, myeupe.

#5 Shoka Butu (Njombe)

Hapo sasa nalazimika kuongeza neno, na labda kujisahihisha. Miwati yako ilimenywa kwa sababu huku kwetu gome la mwati ni mali: linakwenda kutengenezewa tanini ya kulainishia ngozi, na mti unaobaki ndio unaouzwa kama kuni au kuchomwa mkaa. Lakini kuna jambo halikai sawa katika maelezo ya muuzaji. Gome la mwati hubanduka vizuri wakati wa mvua, utomvu unapopanda. Mwezi wa saba, katika ukavu na baridi ya Njombe, gome hung'ang'ania mti na kulimenya ni adhabu. Kama kuni zako zilikuwa safi kama ulivyosema, mimi naona zilikatwa mwezi wa tatu au wa nne. Muuzaji alikuambia wa saba kwa sababu ndio mwezi aliozipakia kwenye gari.

#6 Mwalimu Mizani (Dodoma)

Ndugu Shoka, umejibu swali na wakati huohuo umelivunja. Ikiwa miwati ilikatwa mapema, ikamenywa gome na ilikuwa myembamba, basi ulinganifu wote wa Mama Tanuri hauna maana, kwa kuwa vitu vinne vimebadilika kwa pamoja: mti, unene, gome na tarehe. Mti tunaulaumu kwa sababu ndio wenye jina.

#7 Mvinje Mkavu (Pemba)

Assalaam aleikum. Huku pwani tunawacheka kidogo ndugu zetu wa bara, kwani sisi tunao mvinje, na mvinje unawaka hata ukiwa mbichi. Marehemu babu yangu alikuwa akichoma chokaa, akilipanga tanuri lake kwa magogo ya kila namna na mawe ya matumbawe juu yake, na mvinje alikuwa haungoji kukauka. Sasa mnieleze, kama kila mti una maji, mvinje mbichi unawakaje?

Jambo la pili ni upepo. Sisi hatuhesabu jua, tunahesabu pepo. Kuni zilizochanjwa kaskazi inapoanza hukauka haraka kabla masika hayajaingia, lakini zilizochanjwa mwisho wa kaskazi hukutwa na mvua na kuota ukungu, hata kusi likija zinakuwa zimekwisha kuharibika ngozi ya nje. Na la tatu, ambalo najua mtalibishia: mti hukatwa mwezi ukiwa wa giza. Ukiukata mwezi mpevu, bungua wanauingia na unageuka unga.

#8 Boila Namba Mbili (Kericho)

Nafanya kazi kwenye boila ya kiwanda cha chai, na kuni zetu karibu zote ni mikaratusi, kwa hiyo naomba niutetee mti huu. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri kwa miezi mingi ya mwaka. Kama mkaratusi ungekuwa mkaidi kiasi kinachosemwa katika #2, tungekuwa tumefunga. Tunachofanya ni kukata vipande vya urefu wa mita moja, kuvipasua vyote vinavyozidi unene wa mkono, na kuvipanga kwenye banda lenye paa lisilo na kuta, safu moja ikielekea upepo na nyingine ikiikata. Banda la kwanza walilojenga waliotutangulia lilikuwa na kuta za mabati pande tatu ili mvua isirushe maji ndani, na kuni zake ziliota uyoga. Walipobomoa kuta, mvua ilirusha maji kwenye safu ya pembeni tu, na safu nyingine zote zikakauka. Kwa hiyo mimi siamini jua wala aina ya mti. Naamini kupasua na kupitisha hewa.

Kuhusu mvinje, Ndugu wa Pemba, sina jibu, ila nadhani babu hakuupima.

#9 Shoka Butu (Njombe)

Jibu la mvinje ni lilelile la mwati. Mti ukiwa mzito sana, kuta za nyuzi zake ni nene na matundu ya kuweka maji ni madogo. Katika kilo kumi za mvinje mbichi kuna mti mwingi na maji machache kuliko katika kilo kumi za mpaina mbichi. Kwa hiyo mvinje haukaidi sheria, unaifuata. Hapa kwetu mpaina mbichi ukiubana kwa shoka, maji yanachuruzika.

#10 Bani la Tumbaku (Urambo)

Mimi ni mkulima wa tumbaku, na bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, halisamehe kuni mbichi, kwa sababu moto ukishuka usiku mmoja majani yanabadilika rangi na bei inakwenda na maji. Tunatumia miti ya miombo, hasa miyombo na mitundu. Kwetu hakuna tone la mvua kuanzia mwezi wa tano hadi karibu wa kumi na moja, na hewa ya mwezi wa tisa ni kavu kiasi kwamba gogo linalia "ta!" usiku likipasuka lenyewe. Hata hivyo nakubaliana nusu na Mvinje Mkavu kuhusu bungua. Mti uliokatwa wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, hauliwi sana na bungua, na uliokatwa mvua zinapokaribia huliwa mpaka ukishika kipande kinakuwa chepesi kama bua. Sababu naona ni msimu wa wadudu wenyewe na ule utamu ulio katika utomvu. Mwezi wa angani sijauona ukihusika, labda kwa sababu tukiwa shambani tunalala mapema.

Ukuni ulioliwa ni mkavu, lakini hauna moto. Kwa hiyo kukauka peke yake si kipimo.

#11 Mwalimu Mizani (Dodoma)

Kuhusu mwezi na pwani, nina dhana ambayo Ndugu wa Pemba ataisahihisha. Wakataji wa boriti za mikoko walihitaji maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, ili mashua iingie hadi ndani ya vijito na kutoka na mzigo. Bamvua hufuata mwezi. Je, haiwezekani kwamba kanuni ya mwezi ilikuwa kanuni ya usafiri, kisha watoto wakaikumbuka kanuni na kuisahau mashua?

#12 Mvinje Mkavu (Pemba)

Mwalimu, bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kama ingekuwa mashua tu, wazee wasingekataza mmoja na kuruhusu mwingine. Rudi darasani. (Na kwa wasomaji wengine: mikoko sasa ni hifadhi, haikatwi bila kibali, kwa hiyo msije mkanitaja.)

#13 Uchagani (Bukoba)

Nimesoma yote na nimeshangaa kwamba hakuna aliyetaja uchaga, wakati methali tunayo: kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni. Huku Bukoba mvua haina adabu ya msimu, inaweza kunyesha mwezi wowote, na mama zetu hawakungoja kaskazi wala kiangazi. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa fito, na kuni za kesho zilipandishwa leo. Moshi na joto la mapishi vilimaliza unyevu uliobaki, na kuni zilishuka zikiwa nyeusi, zenye harufu, na hakuna bungua aliyezisogelea. Namshauri Mama Tanuri atumie joto la tanuri lake mwenyewe: mikate ikitoka, apange kuni za kesho kwenye mdomo wa tanuri au juu ya kuba lake.

#14 Mama Tanuri

Nimelijaribu hilo zamani, dada. Kwa kuni zilizokauka nusu linafaa sana, lakini kwa gogo bichi la mlingoti siku moja juu ya kuba inaunguza ngozi tu na ndani panabaki palepale. Tena mwaka fulani nilisahau vipande mdomoni mwa tanuri, nikaamshwa na jirani. Kwa hiyo sasa naweka juu ya kuba tu na kijana analala karibu.

Naona wengi mmejibu la kwanza. Je, lile la pili? Mbona kuni zilizokuwa nzuri mwezi wa kumi ziligoma mwezi wa kwanza zikiwa chini ya bati?

#15 Mwalimu Mizani (Dodoma)

Hili ndilo swali zuri kuliko la kwanza. Ukuni hauwi mkavu moja kwa moja kama tofali lililochomwa. Unavuta na kuachia unyevu mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Hewa ya kiangazi yenye unyevu wa asilimia 50 huushusha ukuni hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ya masika, yenye unyevu wa asilimia 85 hadi 90, huurudisha kwenye asilimia 18 hadi 20 hivi. Kwa hiyo ndiyo, kuni zako zilirudi nyuma chini ya bati bila kuguswa na tone.

Lakini hapa pana ugumu. Asilimia 20 haitoshi kutoa povu. Povu linatokana na maji yaliyo huru ndani ya matundu ya mti, na maji hayo huwa yamekwisha ukuni ukishuka chini ya asilimia 30 au karibu na hapo. Hewa peke yake, bila ya tone, haiwezi kuyarudisha. Kwa hiyo ama zilirushiwa maji, ama zilivuta kutoka ardhini, ama hazikutoa povu bali zilifuka tu. Mama, zilifanya lipi?

#16 Mama Tanuri

Zilifuka. Povu sikuliona kwenye miwati. Ila safu ya chini kabisa, iliyogusa udongo, ilikuwa na utando mweupe na harufu ya uyoga.

#17 Boila Namba Mbili (Kericho)

Mimi sikubaliani kwamba kuni ndizo zilizobadilika. Tanuri la matofali nalo linakunywa maji. Mwezi wa kwanza msingi umelowa, matofali yamelowa, hewa inayoingia ni nzito na baridi, na bomba la moshi halivuti hadi lipate joto. Kuni zilezile zingewekwa kwenye tanuri la mwezi wa kumi zingewaka. Sisi boila yetu ikilala siku mbili wakati wa mvua, saa ya kwanza kila mtu analaumu kuni, na saa ya tatu hakuna anayezikumbuka.

#18 Mjukuu wa Mpasuaji (Lushoto)

Nami nina neno kuhusu mahali. Katika #1 imesemwa kwamba mizigo yote miwili ilikaa ua mmoja, lakini kabla ya kufika uani ilikaa wapi? Mufindi, wilaya ilimo Mafinga, si mahali pamoja. Ukitoka Mafinga ukielekea mashariki kwenye mashamba ya chai, unafika kwenye ukingo wa milima ambako upepo wa kusini-mashariki huleta ukungu na manyunyu hata katikati ya kiangazi, wakati Mafinga mjini pana vumbi. Kwetu Usambara tunaijua hali hiyo vizuri: vijiji viwili vinavyoitana kwa sauti, kimoja kinaanika mahindi na kingine kinaanika ukungu. Magogo yaliyokatwa mwezi wa tano na kulala miezi miwili katika ukungu huo, gome likiwa juu yake, yamezeeka tu bila kukauka.

#19 Shoka Butu (Njombe)

"Anaanika ukungu" nimeichukua, nitaitumia bila kukulipa.

Lakini baridi yenyewe msiionee. Njombe mwezi wa saba kunaweza kuwa na sakitu (umande ulioganda) alfajiri, na bado nguo zinakauka kufikia saa tisa, kwa sababu upepo ni mkavu. Baridi yenye ukungu na baridi yenye upepo ni ndugu wa baba mbalimbali.

#20 Ughaibuni Baridi (Vermont, Marekani)

Nawafuatilia kwa furaha kwa sababu hapa napasha nyumba joto kwa kuni miezi sita ya mwaka. Mwaloni hapa watu huungoja viangazi viwili ukiwa umechanjwa, na anayejaribu kuuchoma baada ya mmoja hujaza bomba lake lami ya moshi inayoweza kushika moto. Wakati wa theluji kukauka kunakaribia kusimama kabisa, hata kama upepo ni mkavu, kwa hiyo naona joto nalo lina sehemu yake, Ndugu Shoka. Turubai tunafunika juu tu, ubavuni hatufuniki. Ninacho pia kifaa cha pini mbili cha kupimia unyevu. Kinanipa namba haraka, na ninakichoma kwenye uso mpya wa ukuni niliopasua papo hapo, kwa maana uso wa nje hudanganya.

#21 Mwalimu Mizani (Dodoma)

Angalizo kwa watakaonunua kifaa hicho: namba yake ni maji yakilinganishwa na uzito wa mti mkavu, si uzito wote wa ukuni. Kikisoma 25, maana yake ni asilimia 20 tu ya uzito unaoubeba mkononi. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima juu ya ukuni mmoja, na wote wakawa sahihi. Na kikisoma juu ya 30, usikiamini sana.

Mama Tanuri hahitaji kifaa. Ana mizani ya unga na ana tanuri. Apime vipande, aviandike kwa mkaa, avipime tena kila wiki. Akate na kijipande kutoka katikati ya gogo, si nchani, akikaushe tanurini joto likishashuka, mpaka uzito uache kupungua; hapo atajua ukuni mbichi una mti mkavu kiasi gani.

#22 Mama Tanuri, 9 Septemba

Wadau, nimerudi kama nilivyoahidi kwa ujumbe kwa baadhi yenu. Tarehe 14 Juni nilikwenda mwenyewe shambani, nikaona miti ikianguka kwa macho yangu, nikachukua vipande vitano vya nusu mita. Nilivipanga juu ya kichanja, chini ya bati, bila ukuta. Hadi tarehe 6 Septemba zilikuwa wiki kumi na mbili.

Gogo la mlingoti la duara lenye gome lilikuwa kilo 6.40, sasa ni 5.10. Mlingoti uliochanjwa ulikuwa 3.10, sasa ni 1.95. Mwati wa duara wenye gome ulikuwa 4.20, sasa ni 3.45. Mwati nilioumenya gome ulikuwa 4.00, sasa ni 2.95. (Ndugu Shoka alisema kweli: gome la mwezi wa sita lilinitoa jasho na ukucha mmoja.) Mpaina uliochanjwa ulikuwa 2.60, sasa ni 1.30, yaani nusu kamili. Vijipande vya gramu 200 nilivyovikausha tanurini kwa siku tatu, usiku baada ya mikate kutoka, vilibaki hivi: mlingoti gramu 98, mwati 116, mpaina 88.

Jambo moja lilinishangaza. Katikati ya mwezi wa nane kulikuwa na siku tatu za manyunyu. Mpaina uliongezeka gramu 60 wiki ile. Gogo la mlingoti halikuongezeka hata kidogo, liliendelea kupungua polepole kama halina habari.

#23 Mwalimu Mizani (Dodoma)

Mama, hii ni kazi ya heshima. Nimepiga hesabu. Maji yaliyobaki, kwa uzito wote wa kila kipande leo, ni takriban hivi: gogo la mlingoti asilimia 38, mlingoti uliochanjwa 22, mwati wenye gome 29, mwati uliomenywa 21, mpaina 12.

#24 Boila Namba Mbili (Kericho)

Tazameni wenyewe! Mlingoti uliochanjwa 22, mwati uliomenywa 21. Mti haujahusika. Shoka ndilo lililohusika.

#25 Shoka Butu (Njombe)

Usishangilie haraka, ndugu yangu. Mlingoti huo ulihitaji kupasuliwa ili umfikie mwati ambaye hajapasuliwa kabisa, amevuliwa shati tu. Mpe mwati shoka uone. Na kati ya yale ya duara yenye gome, ni 38 kwa 29. Hapo mti umehusika.

#26 Mwalimu Mizani (Dodoma)

Gogo la mlingoti lilikuwa nene zaidi, Ndugu Shoka. Kilo 6.40 kwa 4.20 katika urefu uleule.

#27 Bani la Tumbaku (Urambo)

Na mpaina mnaupita kimya? Umekauka kuliko wote, lakini mwenye tanuri atauchoma mara mbili kwa mkate uleule, kwa sababu ni mwepesi. Kipande chake cha nusu mita sasa kina mti mkavu wa kilo moja na ushei tu. Mimi ningechagua mwati wa 21 kuliko mpaina wa 12, siku yoyote.

#28 Mvinje Mkavu (Pemba)

Mama, hiyo tarehe 14 Juni mwezi ulikuwaje?

#29 Mama Tanuri

Sikuutazama, baba. Nilikuwa natazama shoka.

Kwa sasa nimenunua milingoti tena, kwa kuwa bei yake naiweza, na nimelipa vijana wawili kuichanja yote mara nne kabla ya kupangwa. Muuzaji ameapa kwamba imekatwa mwezi wa tano. Niligusa ncha ya gogo moja, vidole vikanata utomvu, tukaanza kuzungumza bei upya. Miwati nimechukua kidogo, kwa ajili ya alfajiri za mwezi wa kwanza, na safu ya chini nimeinua kwa matofali mawili kila upande. Kama tanuri litagoma tena, Ndugu Boila, nitajua limekunywa maji.

#30 Boila Namba Mbili (Kericho)

Swali moja tu kuhusu ile mizani. Vipande ulivipima saa ngapi? Asubuhi, umande ukiwa bado, au jioni?

#31 Mama Tanuri

Asubuhi, kabla ya kufungua duka. Mpaina nitaupima tena leo jioni.